Simu Iliyorudi ya Moto

Makarani wa siku hizi wanajua kubonyeza, hawajui kufunga. Mpe mmoja wao bahasha, kamba na kijiti cha lakiri, ile nta ya kuyeyushia mihuri, umwambie afunge kielelezo kisiguswe mpaka siku ya kesi, atakutazama kama umempa mtoto mchanga amnyonyeshe. Atatafuta gundi. Akikosa gundi atatafuta stepla. Kisha ataondoka kwenda kunywa chai, na bahasha ataiacha mezani mdomo wazi, kila apitaye achungulie.

Aliyejua kufunga nimemjua mmoja tu. Tulimwita Lakiri, na jina lake la kuzaliwa wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza siku aliposomewa mashtaka. Alitunza vielelezo vya mahakama yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chake kilipakana na changu, mimi nikiwa mpiga chapa, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilijua siku anayoumwa kikohozi kabla mkewe hajajua.

Aliingia kazini kwa ufagio. Hakimu wa wakati ule, mzee mkali aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimkuta akifagia chumba cha vielelezo huku akilizunguka doa moja jeusi sakafuni.

"Mbona hilo hulifuti?"

"Sijui ni la kesi gani, mheshimiwa."

Hakimu akamvua ufagio siku hiyo hiyo, akampa ufunguo. Leo ungemleta kijana mwenye shahada tatu, doa lile angelimwagia sabuni, halafu angeandika ripoti kwamba mazingira ya kazi yameboreshwa.

Kazi alijifunza kwa vidole. Lakiri ya moto ilimchoma mpaka gumba na kidole cha shahada vikawa laini, havina mistari. Polisi walimtania: "Huyu akiiba hatumpati." Naye hujibu, "Nyie hata mwenye mistari hamumpati."

Alitunza visu, mapanga, mashati yenye matundu, magunia ya bhangi, madumu ya pombe haramu. Alitunza mbuzi. Ndiyo, mbuzi jike wa kesi ya wizi alifungwa nyuma ya choo cha mahakama miezi miwili, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa, mpaka akazaa. Lakiri akaandika: "Kielelezo namba mbili kimezaa. Watoto wawili, mmoja mweusi." Wakili akasimama kuuliza kama watoto nao ni mali ya wizi au ni mashahidi, na hakimu mzee, aliyekuwa hacheki hata harusini, akaahirisha kesi kwa nusu saa ili akacheke ofisini kwake.

Bhangi ikimaliza kesi ilichomwa shimoni, hakimu mwenyewe akisimama upande unakotoka upepo, na gunia likipimwa kwanza mbele ya watu. Kilo arobaini zilizoingia ni kilo arobaini zilizoungua. Baadaye, zama za hawa waungwana wa kubonyeza zilipoanza, gunia la kilo arobaini lilipelekwa kituoni "kwa ukaguzi" likarudi na kilo kumi na moja, na nusu ya hizo ni nyasi za kulishia sungura. Lakiri alipouliza, Inspekta alijibu, "Panya, mzee wangu. Panya wa siku hizi wanavuta."

Nilimsikia kupitia zile mbao akiandika, kalamu ikikwaruza karatasi kwa hasira: "Arobaini zimetoka, kumi na moja zimerudi. Inspekta asema panya."

Lakini kitabu ninachotaka kukieleza ni kingine. Yule hakimu mzee alikuwa na sheria yake juu ya vitu vya aibu. Nguo ya ndani ya mwanamke aliyedhulumiwa, picha ya maiti, barua ya mapenzi iliyokamatwa mahali pasipofaa: hivyo havikuwekwa rafuni na visu. Vilifungwa kwa karatasi ya kaki, kamba njia mbili, lakiri pembe nne, na vikaandikwa kwenye kitabu cha peke yake. Kila aliyetaka kutazama aliandika jina, saa, na sababu ya kutazama. Hata hakimu. "Jicho nalo ni mkono," alikuwa akisema. "Likigusa, liandikwe." Tulikiita Kitabu cha Macho. Kwa miaka mingi kilikuwa na kurasa chache tu zilizojaa, maana mtu akitakiwa kuandika sababu, hamu humtoka.

Hakimu mzee akafa. Akaja wa pili, akaja wa tatu, zikaletwa mashine, ukaletwa mfumo. Kitabu cha Macho kilibaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukifuta. Watu waliendelea kusaini kama mtu anavyojipangusa miguu mlangoni. Hakuna aliyeamini kwamba kuna siku kitasomwa.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la mahakama, palikuwa na mama mmoja fundi cherehani. Alishona barazani, mashine ya miguu, na sote tulimjua. Koti la Lakiri alilitia viraka mpaka viraka vikawa vingi kuliko koti. Mumewe alifanya kazi mbali, akirudi mara mbili kwa mwaka. Mama huyu alijipiga picha za kumpelekea mumewe. Mambo ya mke na mume, wala sitaki kusikia mtu akifungua mdomo juu ya hilo. Simu yake ikapasuka kioo, akaipeleka kwa fundi simu wa mtaa wa pili. Yule bwana akabadilisha kioo, na kabla ya kuirudisha akazihamisha picha zile kwenye simu yake mwenyewe.

Baada ya wiki moja vikaanza vitisho. Njoo chumbani kwangu nyuma ya duka, la sivyo soko zima litakuona. Wengi wangeenda, au wangejitia kitanzi. Yule mama alifunga mashine yake mchana kweupe, akatembea mpaka kituo cha polisi, akamwonyesha Inspekta vile vitisho. Fundi simu akakamatwa, simu yake ikachukuliwa. Ushahidi wote ulikuwa humo ndani, picha na maneno.

Ilipofikishwa kwa Lakiri ilikuwa imezimwa. Aliifunga kama nilivyoeleza, akaiandika kwenye Kitabu cha Macho. Nilisikia harufu ya lakiri ikipenya mbao.

Tangu hapo Inspekta akaanza safari. Alikuja mara ya kwanza na kikaratasi, "kwa ukaguzi wa kitaalamu." Akasaini, akaichukua, akairudisha jioni. Akaja mara ya pili na koplo wake, wanacheka njiani. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Simu ililala nje. Ijumaa saa mbili asubuhi akairudisha ikiwa imefungwa upya, naye simu yake mwenyewe iko sikioni, anacheka na mtu wa upande wa pili. Lakiri akaipokea kwa viganja viwili, kama kawaida yake. Akaigeuza, akautazama muhuri. Akaandika: "Imerudi ikiwa ya moto. Muhuri si wa lakiri, ni wa mshumaa." Akamsogezea kitabu. Inspekta akasaini chini ya maneno hayo bila kuyasoma.

Jumatatu picha zilikuwa stendi.

Yule mama aliambiwa na mteja. Mwanamke aliyekuja kupimwa gauni alisimama mbele yake, akakataa kumtazama usoni, akasema atarudi siku nyingine. Kisha akapita kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, mbona leo umevaa?" Kicheko kikapanda baraza nzima. Nilikisikia mimi niliye ng'ambo ya barabara. Wanaume wazima, wenye dada na mama, wanashikana mabega wakicheka.

Alivuka barabara na tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akaingia moja kwa moja kwa Lakiri.

"Baba, iko wapi?"

"Iko hapa, mwanangu. Imefungwa."

"Imefungwa? Nani kaifungua?"

Lakiri aliinuka. Alimwonyesha kifurushi kwa mbali, akamwambia aende nyumbani. Alipoondoka nilimsikia akifungua Kitabu cha Macho, akigeuza kurasa moja moja. Saa sita akagonga mbao.

"Mpiga chapa."

"Naam."

"Alhamisi fundi simu alikuwa wapi?"

"Rumande. Wiki ya tatu hii."

"Nilijua," akasema. "Nilitaka kusikia mtu mwingine akisema."

Basi mambo yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mshtakiwa alikuwa ndani, simu ilikuwa kwa Inspekta, na picha zilitoka usiku ule. Inspekta naye hakuwa mjinga. Siku tatu kabla ya kesi kusikilizwa alikuja akiwa amevua kofia, na polisi akivua kofia ujue anaomba au anatisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ondoa kiwiko mezani."

"Mzee Lakiri, tusaidiane. Kitabu chako kile kimezeeka. Kurasa zinaachia."

"Hazijaachia. Nimezishona mwenyewe."

"Ukurasa mmoja tu. Unajua yule mshenzi alivyomtesa mama wa watu. Tunataka kumfunga. Wakili wake akikiona kile kitabu, atasema simu imechezewa."

"Imechezewa."

"Tatizo lako, mzee, unaipenda karatasi kuliko watu."

"Na wewe unawapenda watu kuliko karatasi," Lakiri akamwambia. "Ndiyo maana ulikesha unawatazama."

Nikaacha kupiga mashine ili nisikie vizuri. Inspekta akashusha sauti. "Umebakiza muda gani kustaafu, mzee?"

"Miezi minane."

"Miezi minane mingi. Hapa ndani mna vitu vingi, vinaweza kupotea. Na kikipotea kitu, ataulizwa mwenye ufunguo."

"Andika basi," Lakiri akasema. "Kitabu hiki hapa. Jina, saa, na sababu ya kuja."

Mlango ulibamizwa mpaka kalenda yangu ikaanguka.

Hilo lilikuwa jepesi. Mtu mchafu akikuomba uchafu, kukataa ni starehe. Kesho yake akaja yule mama, na nadhani mwendesha mashtaka ndiye aliyemtuma, maana alijua kila kitu.

"Baba," akasema, "huo ukurasa utoe."

"Nani kakwambia habari za ukurasa?"

"Utoe. Nakuomba kama mzazi. Wakiuona, simu itakataliwa. Simu ikikataliwa hakuna kesi. Atatoka yule, atapita pale kwangu kila asubuhi akiniangalia."

"Na waliozisambaza je?"

"Hao nitawafanya nini? Ni polisi. Nitampeleka polisi kwa polisi?" Akacheka, kicheko cha kukwangua. "Mimi sitaki ukweli wote, baba. Nataka ule unaomfunga."

Nilimsikia Lakiri akivuta kiti, akimkalisha. Alisema maneno mengi kwa sauti ya chini. Alimwambia kwamba akichana leo kwa ajili ya mtu mwema, kesho atachana kwa ajili ya mtu mbaya, na hakuna atakayejua tofauti, kwa kuwa karatasi iliyochanwa haina sura. Maneno mazuri. Hakimu mzee angempigia makofi. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe picha zako hazipo stendi," akasema, akaondoka.

Siku ya kesi wakili wa fundi simu alikuwa na harufu ya manukato iliyotangulia kuingia. Aliomba kitabu cha vielelezo. Lakiri akaitwa kizimbani akiwa na lile koti la viraka. Angeweza kuleta kitabu kikubwa cha visu na magunia na kunyamaza. Alileta vyote viwili.

"Soma ya Ijumaa," wakili akamwambia.

Akasoma.

"Imerudi ikiwa ya moto. Una maana gani, mzee?"

"Maana yake ilikuwa ya moto."

Watu wakacheka. Wakili naye akatabasamu. "Ya moto kama nini?"

"Kama yai lililotagwa sasa hivi."

"Na simu iliyozimwa, iliyolala kabatini kituoni, huwa ya moto?"

"Sijawahi kuona."

"Kwa hiyo polisi waliiwasha, wakaitumia usiku kucha."

"Mimi sikuwepo kituoni. Nilikuwepo ilipogusa kiganja changu."

Inspekta alikuwa benchi la mbele, shingo imetuna. Wakili akasema vile vitisho navyo nani ajue viliandikwa lini na nani, ikiwa simu ilikuwa ikiwashwa na kuzimwa na watu wenye haja ya kumfunga mteja wake. Ulikuwa upuuzi, kila mtu alijua vitisho viliandikwa kabla. Lakini ulikuwa upuuzi uliovaa tai, na aliyeushona ni polisi wenyewe. Hakimu wetu mpya, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, msomi, mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari, akasema mahakama haiwezi kutegemea kielelezo kilichoguswa hivyo. Simu ikaondolewa kwenye ushahidi. Mshtakiwa akaachiwa huru. Kuhusu Inspekta alisema "mamlaka husika zichunguze." Zikachunguza. Akahamishiwa mji mwingine, bega limeongezwa nyota.

Najua sheria inataka hivyo. Nimechapa hukumu za kutosha kujua, na sisemi hakimu alikosea. Nasema zamani simu ile isingefika kukataliwa, kwa kuwa zamani polisi akikuta muhuri wa lakiri mkono wake ulisita.

Hapo ndipo likaja lile ambalo hakuna aliyelifikiria, isipokuwa Lakiri. Mwisho wa kila hukumu huwa na mstari mmoja mfupi ambao mahakimu huusema wakikusanya kalamu zao. Niliuchapa mimi mwenyewe: "Vielelezo virejeshwe kwa mwenye mali."

Lakiri alisimama, jambo ambalo mtunza vielelezo hafanyi.

"Mheshimiwa, na picha zilizomo?"

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Kuna ombi?"

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshatoka nje. Lakiri akamfuata mpaka kwenye gari, nikawaona kupitia dirishani. Akarudi mikono mitupu. "Jalada limefungwa," akanieleza. "Ana kesi arobaini. Anasema kama mama anataka, akafungue shauri la madai."

"Sasa?"

"Sasa namrudishia mtu picha za mke wa mwenzake, kwa muhuri wa serikali."

Fundi simu alikuja keshokutwa yake, amenyoa, amejipaka mafuta, na nakala ya amri mkononi. "Babu, nipe mali yangu."

"Njoo kesho saa sita."

"Amri inasema leo."

"Amri haisemi saa ngapi. Kesho, saa sita."

"Wazee mna taabu," akasema. Akapita polepole mbele ya baraza ya yule mama, akipiga mluzi.

Kesho yake saa nne asubuhi Lakiri alivuka barabara mwenyewe, akamleta yule mama kwa mlango wa nyuma. Alinigongea mbao nami niingie. Juu ya kizingiti cha jiwe alikuwa ametandaza karatasi ya kaki, na simu iko juu yake. Chumba kile kilikuwa na nyundo tatu, zote za kesi za uvunjaji nyumba. Hakugusa hata moja. Alikuja na nyundo yake ya nyumbani, ndani ya mfuko.

"Lakiri," nikamwambia, "miezi minane."

"Naijua hesabu."

Yule mama aliitazama simu. "Zimeshafika kila mahali, baba. Ukivunja hii itasaidia nini?"

"Zilizo mitaani zimeibwa," akasema Lakiri. "Hizi anarudishiwa. Mimi ndiye ninayezirudisha. Mkono wangu huu." Akainua nyundo, na mkono ukamtetemeka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akivilinda vitu visiguswe. Aliishusha nyundo bila kupiga. Akaiinua tena. Ikashuka tena, taratibu, ikalala juu ya jiwe.

Yule mama akaichukua mkononi mwake. Alipiga mara moja, kioo kikaruka. Akapiga ya pili na ya tatu, kisha akaendelea kupiga, jasho linamtoka, tepu ya kupimia inamrukaruka kifuani, mpaka karatasi ya kaki ikatoboka na nyundo ikawa inapiga jiwe tupu. Lakiri akamshika kiwiko. "Basi, mwanangu. Imekufa."

Akakusanya vipande vyote, hata vile vya unga, akavitia kwenye bahasha, akawasha lakiri, akafunga pembe nne. Kisha akafungua Kitabu cha Macho, na tukasimama nyuma yake tukimwangalia akiandika: "Saa nne na robo asubuhi. Simu imevunjwa kwa nyundo. Imevunjwa na mimi mwenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani."

"Baba, lakini ni mimi," yule mama akasema.

"Wewe uko barazani kwako unashona. Toka, kabla sijakuandika."

Alipotoka, Lakiri alinitazama. Alipuliza wino ukauke, akafunga kitabu.

Saa sita fundi simu alisainishwa bahasha, akaichana palepale. Kelele zake zilifika sokoni. Alimwita Lakiri mchawi, mwizi, mzee asiye na haya, na Lakiri akamwambia tu, "Hesabu vipande, kimoja kikipungua uniambie." Jioni hiyo hiyo polisi walikuja kumchukua. Kesi ya mama wa watu ilikawia miezi mitano kusikilizwa. Hii ya simu ya tapeli ilisikilizwa baada ya siku tisa: kuharibu mali, na kukaidi amri ya mahakama.

Mumewe yule mama alikuwa amesharudi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mpole. Hakumpiga mkewe wala kumfukuza, kama wengi walivyoombea waone. Aliweka kiti kando ya mashine, akakaa siku nzima akiwatazama wapita njia usoni, mmoja mmoja, na baraza ikawa kimya. Siku ya kesi ya Lakiri walikuja wote wawili.

Hakimu alikuwa yule yule binti. Lakiri alikiri. Lakini huyu msomi, kwa heshima yake niseme, aliona kitu.

"Mzee, mkono wako una tatizo gani?"

"Unatetemeka kidogo, mheshimiwa. Uzee."

"Ripoti inasema simu ilipigwa zaidi ya mara ishirini. Ulipiga wewe?"

"Imeandikwa."

"Nakuuliza wewe, siulizi kitabu."

Yule mama akasimama kule nyuma. Mumewe alimshika mkono, yeye akaunasua. "Mheshimiwa..."

"Kaa chini, mama," Lakiri akasema bila kugeuka. "Hujaitwa."

"Nani huyo?" hakimu akauliza.

"Fundi wa koti langu, mheshimiwa. Ana huruma kupita kiasi." Watu wakacheka, na kicheko kikamkalisha. Kisha Lakiri akasema, wazi, mbele ya wote: "Nilipiga mimi."

Lakiri yuko kaburini mwaka wa tatu sasa, na yule mama na mumewe walihamia mahali nisipopajua wala sitaki kupajua, ndiyo maana naweza kuyasema haya. Alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja, akaondolewa kazini bila hata kikombe cha chai cha kuagana. Katika kesi nzima ile, tangu fundi simu mpaka Inspekta na koplo wake na wale wote wa stendi, aliyepatikana na hatia ni yeye peke yake. Chumba chake wamekigawa, nusu ni cha mashine ya kunakili na nusu ni cha viti vibovu.

Hukumu nililetewa mimi niichape. Nilikuwa nimesimama chumbani mle, nimeona nyundo iko mkononi mwa nani, na nilikuwa na mdomo. Ukurasa wa pili, aya ya nne, hakimu aliandika kwamba mahakama imekipitia kitabu kinachotunzwa na mshtakiwa, na imeridhika kuwa kumbukumbu zake ni za kweli na za kutegemewa. Nilichapa nakala tatu. Hazikuwa na kosa hata moja.